Sura ya Saba: Kitambaa Kwenye Msumari

Treni iliwashusha watu watatu mahali pasipo na stesheni, ikapiga honi fupi, ikaendelea na safari yake ya kaskazini pamoja na watalii wake, ambao asubuhi ile walikuwa wakiutazama ukungu kana kwamba ndiyo milima waliyoahidiwa. Sajini Efim Nikolai alisubiri hadi sauti ya mabehewa ilipomezwa na misonobari. Kisha akawageukia wanaume wawili alioshuka nao, akawaambia watangulie kibandani.

Mwenye kibanda alikuwa Curtis Bly, muuzaji wa mashua kutoka Anchorage, mtu mpana wa mabega aliyezoea kusikilizwa. Mwenzake, Denny Marlow, fundi wa mabomba aliyestaafu, alikuwa mrefu, mwembamba na mcheshi kwa tabia, ingawa siku ile mzaha ulimkauka kinywani. Wa tatu wao hakuwapo. Huyo alikuwa Harlan Voss, seremala, mgane tangu majira ya baridi yaliyopita. Kila Septemba, tangu nywele zao zilipokuwa nyeusi, marafiki hawa walipanda treni pamoja kwenda kupumzika porini, kuvua samaki na kuwinda. Safari hii walirudi wawili.

Maelezo yao yalikuwa mafupi, tena yalifanana mno. Walisema kwamba Harlan alitoka kibandani siku ya Jumanne kwenda kungoja treni ya kusini, ili afike mji mdogo wa Kolbe ampigie binti yake simu, kwa kuwa simu haishiki porini. Alikusudia kurudi kesho yake. Hakufika Kolbe. Wao wenyewe waliteremka na treni ya Jumatano, wakamkosa, wakatoa taarifa. Alhamisi kofia yake iliokotwa kwenye changarawe za Mto Tazlik, chini ya daraja, na tangu hapo boti na helikopta zilikuwa zikiupekua mto ule. Leo ilikuwa Ijumaa. Kapteni wa Nikolai, kutoka Anchorage, alikuwa amekwisha kusema kwa redio kwamba theluji ingeingia usiku, na kwamba giza likiingia msako ungefungwa. Hakusema waziwazi alilolifikiri. Aliuliza tu, mara mbili, mke wa Voss alifariki lini.

Asubuhi, kwenye jukwaa la Kolbe, binti wa Harlan alimsimamisha Nikolai kabla hajapanda. Aliitwa Ruthann, mwanamke wa makamo, mkavu wa macho.

"Afande, wanasema baba alijitupa mtoni," alisema. "Sikuombi miujiza. Kama amekufa, niambie amekufa. Ila hilo neno jingine usiniletee kama huna hakika nalo."

Nikolai alimjibu kwamba neno asilo na hakika nalo halingetoka kinywani mwake. Hakuwa mtu wa ahadi nyingi, na kwa sababu hiyo kila aliyoitoa ilikuwa nzito kuibeba.

Kibanda kilikuwa cha magogo, chenye chumba kimoja, na mlango wake haukuwa na kufuli, kama ilivyo desturi ya upande ule, ambako mtu aliyepatwa na baridi hana budi kupata pa kuingia. Nikolai aliwaamuru wale wawili wasimame katikati ya chumba wasiguse kitu. Akaanzia mlangoni, akafuata ukuta wa kulia, polepole, akitazama kwanza kilichopo na baadaye kisichopo. Mkoba wa Harlan ulikuwa kitandani. Wembe wake ulikuwa rafuni. Bunduki yake haikuwapo, na hilo halikumshangaza, kwa maana hapana mwenye akili aliyetembea bila bunduki katika nchi ya dubu. Alipomaliza kuzunguka, alirudi mlangoni alikoanzia. Penye mwimo palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia fimbo iliyofungwa foronya nyeupe.

"Hiki ndicho kitambaa chenu cha treni?" aliuliza.

"Ndicho," alijibu Curtis. "Tulikipunga Jumatano, nimekirudisha sasa hivi."

"Mna kingine?"

"Afande, hapa si hoteli."

"Basi Harlan alikwenda kuisimamisha treni kwa kitu gani?"

Swali lile halikuhitaji kufafanuliwa. Katika reli ile isiyo na stesheni, anayetaka kupanda husimama kando ya tuta na kupunga kitambaa cheupe, na dereva humsimamia popote alipo, awe mwindaji au mama mwenye mtoto mgongoni. Anayepunga mkono mtupu anasalimu tu. Huyo hupigiwa honi na kupitwa. Watoto huyajua hayo kabla hawajaijua alfabeti.

Curtis alisema labda angevua shati. Nikolai akauliza lilikuwa shati la rangi gani. Likawa la mistari myeusi na myekundu. Na koti? Koti nalo lilikuwa jekundu. Denny alikuwa akitazama sakafu.

"Sikia, afande," Curtis alisema, akishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia ya watu. "Nilikuwa sitaki kulisema hili mbele ya Ruthann. Tangu Lois afariki, Harlan hakuwa yule tunayemjua. Anakaa, anatazama moto, haongei. Kitambaa hicho hapo, hakukichukua. Kofia iko mtoni. Hesabu hiyo hata mimi naiweza, na shule nilikwenda kula tu."

Lilikuwa wazo zuri. Lilikaa sawasawa na wazo la Kapteni, na Nikolai alilipima kwa haki, kwa kuwa mpelelezi anayelikataa wazo kwa sababu hampendi aliyelileta hatofautiani na hakimu mla rushwa. Lakini wazo lile lilikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa ukutani, upande wa jiko. Pale palikuwa na misumari mikubwa mitatu. Miwili ilibeba fremu za aluminiamu, zile ambazo mwindaji huzivaa mgongoni ili kubeba nyama kutoka porini. Wa tatu ulikuwa mtupu, na gogo lililo chini yake lilichubuka upya.

"Fremu ya tatu ni ya nani?"

"Ya Harlan," Denny alisema, kabla mwenzake hajafungua kinywa.

"Mtu anayekwenda kupiga simu hachukui fremu ya nyama," alisema Nikolai. "Na anayekwenda kujitupa mtoni haichukui vilevile."

Curtis alidai kwamba fremu haikosi kuwa mahali fulani, nyuma ya choo au kwenye banda la mashua. Nikolai alikubali mara moja, akamtuma akaitafute kote huko bila kuharakisha. Hakutarajia kwamba ingepatikana. Alitaka tu watu wale wawili watenganishwe na ukuta.

Denny alimkuta Nikolai nje kwenye rundo la kuni, ameketi juu ya gogo la kupasulia.

"Umemtuma Curtis kutafuta kitu?" Denny alijaribu kutabasamu. "Huyo hutafuta miwani yake huku ameivaa."

Nikolai hakucheka. Aliuliza kuhusu kofia. Denny alijikuna shingo, akaeleza kwamba ilichukuliwa na upepo kichwani mwa Harlan siku ya kwanza kabisa, walipokuwa wakivua chini ya daraja, na kwamba waliifuata kwa macho wakicheka hadi ilipozama. Harlan mwenyewe alisema hata samaki wana vichwa.

"Na Alhamisi ilipookotwa, ulimwambia nani kwamba ilianguka siku ya kwanza?"

Denny aliokota kibanzi, akakivunja.

"Watu wapo majini kwa ajili ya kofia ile, Bwana Marlow. Tangu jana."

"Curtis alisema..." Denny alijikatiza. Akashika shoka, akaliweka chini. "Sajini, nimejuana na Curtis tangu ujana."

"Na Harlan?"

Ukungu ulikuwa umepanda, na mlima wa upande wa pili wa reli ukaanza kuonekana, kwanza kwenye nyayo zake, kisha kiunoni. Denny aliutazama, akageuza uso haraka. Nikolai aliliona hilo akalihifadhi. Angeendelea kungoja, kwa kuwa ukimya nao ni chombo cha kazi, lakini kutoka mbali kaskazini ilisikika honi ya treni ikirudi. Aliingia kibandani, akatwaa kile kitambaa kwenye msumari, akateremka hadi kwenye tuta la reli na kukipunga juu ya kichwa chake.

Treni ilisimama kwa kulalamika kwa vyuma. Dereva, Pauline Gustad, alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kupasua upepo, ambaye alimjua kila mkaaji wa reli ile kwa jina, kwa mbwa wake na kwa madhambi yake madogo.

"Efim! Unapanda, au umekuja kunikamata?"

"Itategemea majibu yako."

"Basi nikamate tu, mzee, nimechoka kuendesha. Nilishawaambia wenzako, Jumanne hakuna mtu aliyenisimamisha hapa. Hata mbwa."

"Hilo nimelisoma," alisema Nikolai. "Mimi nauliza jingine. Nani alikupungia mkono?"

Pauline alicheka. Alisema kwamba dunia nzima humpungia mkono: wavuvi wa darajani, watoto wa akina Tolliver, yule mwanamke anayefuga mbwa wa kukokota sleji thelujini. Kwa nini lisiwepo swali rahisi zaidi, kama vile nani hakumpungia?

"Mwenye koti jekundu."

Kicheko chake kilikwisha, ila si ghafla; kilipungua kidogo kidogo, kadiri kumbukumbu ilivyokuwa ikimjia.

"Yupo," alisema. "Huko chini, ukishapita kona. Lakini si upande wa mto, Efim. Upande wa mlima, juu ya lile bwawa biva walilolijenga kwa miti ya kuguguna. Nikampigia honi mara mbili, na abiria wakampungia, upande mzima wa behewa. Walifurahi kweli."

"Alisimama kukusalimu?"

"Alikuwa ameketi."

"Alipunga mikono yote miwili?"

"Mmoja. Ule mkono mwingine wa koti ulikuwa mtupu, unapepea tu. Nikadhani kalitupia begani. Jua lilikuwa zuri."

"Hiyo ni Jumanne."

"Jumanne." Pauline aliivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili. "Na Jumatano alikuwapo tena. Palepale. Nikasema moyoni, huyu mzee kapapenda mahali pake. Alipunga kidogo tu. Nami nikapiga honi. Jana na leo asubuhi ukungu, sikuona mlima." Akaigeuza kofia. "Efim, hakuwa na kitambaa. Mwenye shida hupunga kitambaa."

"Kitambaa ninacho mimi," alisema Nikolai.

Hakulisema kwa kumlaumu. Mama huyu alikuwa ameshika kanuni aliyofundishwa, na kanuni ilikuwa njema. Iliokoa watu wengi kuliko ilivyowapoteza. Lakini mtu mwenye mkono mmoja mzima, aliyekuwa amevaa nguo nyekundu na nyeusi, alikuwa ameita siku mbili mbele ya treni iliyojaa watu, na watu wote wale walimjibu kwa furaha.

Nikolai alimwomba angoje. Denny na Curtis walikuwa wamefika kwenye tuta, Curtis akiwa na matope magotini na bila fremu. Nikolai hakumtazama. Alizungumza na Denny peke yake, kwa sauti ya kawaida.

"Harlan alionekana akiwa hai Jumanne na Jumatano, juu ya bwawa, upande wa mlima. Ameumia mkono na hawezi kusimama. Usiku theluji inaingia. Nataka kujua alikwenda kufanya nini kule na alipandia wapi, nami nataka kujua sasa."

"Denny," alisema Curtis.

"Nyamaza, Curtis," alisema Denny. Ilionekana hajapata kumwambia maneno hayo tangu wajuane.

Habari yenyewe, ilipotoka, haikuwa ndefu. Curtis alikuwa amenyang'anywa kibali cha kuwinda mwaka uliopita. Jumatatu jioni, hata hivyo, kulungu dume wa kaskazini, mrefu kupita farasi, alitokea kwenye ukingo wa miti, naye akampiga risasi. Hakumwua. Mnyama alivuka reli na kupanda mlima akitokwa na damu. Harlan alisema kukipambazuka wote watamfuata. Curtis alikataa, akisema kwamba akipatikana na nyama bila kibali angepoteza bunduki, na pengine kibanda. Harlan alimjibu kwamba mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka afe. Katika nchi ile hakuna aibu kubwa kuliko kumwacha mnyama afe kwa mateso porini. Watu husamehe ulevi, husamehe hata wizi wa mtego, lakini hilo hawalisahau. Kulipopambazuka Harlan alitundika fremu mgongoni akaondoka peke yake, na wao wawili walibaki wakinywa kahawa.

"Hakurudi. Curtis akasema kakasirika, kashuka kwenye reli kaenda zake nyumbani. Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Tulipofika Kolbe hayupo, wakatuuliza, na Curtis akawa amekwisha kusema hilo la simu." Denny alifuta midomo yake. "Baada ya hapo lilikuwa limeshatoka."

"Jumatano mlikuwa ndani ya treni hii," alisema Nikolai.

"Tulikaa upande wa mto. Abiria wote wakakimbilia madirisha ya upande wa pili, wanapunga, wanacheka. Nikamwambia Curtis, labda wameona dubu." Denny aliutazama mlima. "Hatukuinuka."

Pauline Gustad aliyasikia yote kutoka dirishani. Alivaa kofia yake na kusema kwa ukali kwamba wanaopanda wapande.

Treni iliwashusha baada ya kona. Helikopta haikuweza kuupita mlango wa bonde, kwa sababu mawingu yalikuwa yamelala juu yake. Kwa hiyo Nikolai aliichukua machela ya behewa la mizigo, akawapa Curtis na Denny waibebe, naye akatangulia. Bwawa lilikuwa pana, la maji meusi, na aliyekuwa upande wa pili hangeweza kulivuka bila miguu mizima. Walilizunguka. Upande wa mlima Nikolai aliinama, akaonyesha bila kusema: damu iliyokauka juu ya jani, vichaka vilivyovunjwa kwa kimo cha kifua cha mnyama mkubwa, na kando yake alama ya kiatu cha mtu mmoja. Palikuwa kimya kiasi kwamba walisikia injini ya treni ikipumua chini, na hapakuwa na sauti nyingine katika bonde zima.

Walimkuta mahali penye uwazi, mgongo wake ukiegemea tumbo la kulungu aliyekufa. Mambo yalivyokuwa yalisomeka ardhini. Mnyama aliyejeruhiwa alikuwa amemngoja, akamshambulia kwa kwato, akamvunja bega la kulia na paja; Harlan alimmaliza kwa risasi ya karibu, na bunduki ikavunjika katika anguko hilohilo, hata asiweze tena kupiga milio ya kuita msaada. Usiku wa kwanza joto la mzoga lilimlinda. Baadaye alichuna ngozi kwa mkono wa kushoto, kipande kwa kipande, akajifunika miguu. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ndevu zake zilikuwa na barafu.

"Bwana Voss, mimi ni Nikolai, polisi wa jimbo."

Macho yalifunguka. Yalichukua muda kumpata.

"Karibu nyama," alisema Harlan Voss.

Nikolai alilifunga paja kwa mabanzi, akamfunika blanketi, akampa maji kwa kifuniko cha chupa. Kisha akasogea pembeni na redio, akaomba Kolbe wamwite Ruthann. Alimpa maneno yaliyokuwa na hakika, si zaidi: baba yake yu hai, bega na mguu vimevunjika, na tangu Jumanne alikuwa akiita msaada kwa mkono uliobaki mzima.

"Tangu Jumanne," ilisema sauti ya Ruthann. Kisha, "Asante, afande."

Waliposhuka, Curtis aliinama kushika mpini wa machela upande wa kichwa. Nikolai alimwondoa kwa kumgusa bega na kuushika mwenyewe. Alimweleza, kwa maneno yale yale ambayo angemweleza mtu mwingine yeyote, kwamba bunduki yake imezuiwa, kwamba atajibu kwa risasi ya kwanza na kwa maelezo ya uongo, na kwamba sasa atembee mbele. Curtis alitembea mbele. Mara moja alisimama kama anayetaka kusema jambo, lakini hakuna aliyemuuliza ni jambo gani.

Ndani ya behewa la mizigo waliilaza machela juu ya magunia. Wale marafiki wawili waliketi mwisho wa behewa juu ya masanduku, na kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja. Treni iliondoka taratibu kuliko kawaida yake. Nje chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeanza kupita mlangoni.

Harlan alikuwa amepata joto kidogo na sauti yake ikasikika vizuri zaidi.

"Nani alikwambia nilimfuata mnyama mlimani?"

"Denny."

"Lini?"

Nikolai angeweza kumwambia apumzike kwanza, na daktari yeyote angemsifu kwa hilo. Lakini mtu huyu alikuwa ameuliza swali lililonyooka.

"Leo mchana," alisema. "Baada ya kuulizwa."

Harlan alitazama dari ya behewa.

"Leo," alisema.

Huko mwisho wa behewa Denny aliinuka, akasimama ameshika ukuta kwa mkono mmoja, akaanza kuja upande wa machela huku machozi yakimtoka.

"Mwambie akae," Harlan alimwambia Nikolai, akaugeuzia uso wake kwenye mbao za ukuta.

Denny akakaa.